Kubeba silaha au kushika silaha? Jinsi mahakama za Marekani zinavyosoma Marekebisho ya Pili ya Katiba

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Kila Jumamosi ninajitolea kufundisha darasa la uraia kwa wazee wanaozungumza Kiswahili katika mji wa Marekani ninakoishi. Wengi wao walitoka Kivu, wakakaa miaka mingi katika kambi za Kigoma, ndipo wakaletwa huku. Juma lililopita tulikuwa tukipitia orodha ya zamani ya maswali 100 ya mtihani wa uraia, tukafika kwenye swali la 51, linalomtaka mwombaji ataje haki mbili za kila mtu aishiye Marekani. Mojawapo ya majibu yanayokubalika ni haki iliyomo katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, nami nikaandika ubaoni: "haki ya kubeba silaha". Mama mmoja, ambaye huandika kila kitu kwenye daftari lake la hesabu, alirudisha kurasa nyuma, akaweka kidole juu ya mstari, akaniuliza: "Mwalimu, kwenye kiapo ulituandikia kwamba tutaapa kushika silaha kwa ajili ya Marekani sheria ikitutaka. Hapa umeandika kubeba. Ni kitu kimoja ama ni viwili? Na ni haki ama ni lazima?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, kwa sababu kwa Kiingereza kitenzi ni kile kile, "bear", katika maandishi yote mawili, na mimi ndiye niliyekitenganisha bila hata kujua kwamba nimefanya uamuzi. Niliporudi nyumbani na kuzisoma upya hukumu, niliona kwamba mama yule aliweka kidole mahali penyewe hasa.

Marekebisho ya Pili yaliidhinishwa tarehe 15 Desemba 1791, na ni sentensi moja tu: "Kwa kuwa jeshi la mgambo lililopangwa vyema ni la lazima kwa usalama wa nchi huru, haki ya watu ya kuwa na silaha na ya ku— silaha haitavunjwa." Nimeacha pengo makusudi. Ukiandika "kushika silaha", msomaji wa Kiswahili anamwona askari, au mtu aliyeingia msituni. Hakuna anayesema kwamba jirani yake ameshika silaha kwa kuwa ana bastola kwenye mkoba. Ukiandika "kubeba silaha", anamwona mtu anayetembea na silaha mwilini, awe askari, mlinzi wa duka au jambazi. Kiingereza cha karne ya 18 kiliziweka maana zote mbili katika chungu kimoja, na majaji wamekuwa wakichota humo, kila mmoja na upawa wake.

Kesi iliyowalazimisha majaji kuchagua maana moja ni ya Heller, iliyoamuliwa tarehe 26 Juni 2008. Dick Heller alikuwa mlinzi katika jengo la serikali mjini Washington. Mchana alikuwa na bastola kiunoni kazini, lakini sheria ya jiji, iliyopitishwa miaka ya 1970, ilimzuia kuwa na bastola nyumbani kwake, na hata bunduki ndefu zilizoruhusiwa zilipaswa kuwekwa bila risasi na zikiwa zimefunguliwa vipande au kufungwa kufuli. Majaji 5 dhidi ya 4 walisema sheria hiyo inavunja Katiba. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, aliigawa sentensi sehemu mbili: sehemu ya mgambo ni utangulizi unaotaja sababu, na sehemu ya haki ndiyo inayoamuru; utangulizi, alisema, hauwezi kuibana amri. Kuhusu kitenzi, alisema maana yake ni kubeba, na kwamba kinageuka kuwa "kushika silaha" vitani pale tu kinapofuatwa na neno la kuonyesha adui, yaani silaha dhidi ya fulani.

Jaji John Paul Stevens alimjibu kwamba msemo huo ulikuwa wa kijeshi moja kwa moja, na kwamba waandishi wa 1791 hawakupoteza wino kutaja mgambo kwa mapambo. Alikumbusha kwamba rasimu ya James Madison ya 1789 ilikuwa na kifungu cha kumwachilia mtu ambaye dini yake inamkataza kushika silaha asilazimishwe kutumika jeshini yeye mwenyewe. Katika kifungu hicho kitenzi hakiwezi kuwa na maana ya kutembea na bastola barabarani. Ni cha askari tu.

Scalia alikuwa na mzaha mmoja ambao sisi tunaweza kuuonja vizuri. Alisema huwezi kulipatia neno moja maana ya kawaida na maana ya kimsemo kwa wakati mmoja. "Kuwa na silaha" ni maana ya kawaida, basi huwezi kuruka ghafla kwenye msemo wa kijeshi huku nomino ni ile ile. Mfano wake ulikuwa wa Kiingereza, lakini kwetu ni sawa na kusema "alifunga na kukata kamba" ukikusudia kwamba jamaa alifunga kamba kisha akafa. Ni hoja nzuri ya mwalimu wa sarufi. Hata hivyo, watafiti waliopekua makusanyo makubwa ya maandishi ya karne ile baada ya hukumu hiyo wameonyesha kwamba matumizi ya kijeshi ndiyo yaliyokuwa mengi mno, na kwa hiyo, kwa upande wa lugha peke yake, mimi naona Stevens alikuwa karibu zaidi na ukweli. Kwa upande wa sheria, aliyeshinda ni Scalia.

Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI (MWANZA)

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye nyama. Swali langu ni dogo. Ikiwa Katiba yao ina haki hii tangu 1791, ilikuwaje Mahakama isubiri hadi 2008 kusema maana yake? Ni miaka 217. Na tafadhali fafanua unaposema Mahakama, kwa sababu huku kwetu Mahakama Kuu siyo ya mwisho.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Mwanza, umenisahihisha kwa adabu. Ninayoizungumzia ni Mahakama ya Juu ya Marekani, yenye majaji tisa, ambayo juu yake hakuna rufaa.

Kuhusu kuchelewa: kwa muda mrefu sentensi ile ilichukuliwa kuwa inaifunga serikali ya shirikisho tu, siyo majimbo, na msimamo huo una historia chungu. Siku ya Pasaka ya 1873, mjini Colfax, Louisiana, kundi la Wazungu wenye silaha liliwaua makumi ya watu weusi waliokuwa wakiilinda mahakama ya wilaya baada ya uchaguzi wenye mgogoro. Baadhi ya wauaji walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho, na miongoni mwa mashtaka ni kuwanyang'anya raia haki ya silaha. Mwaka 1876, katika kesi ya Cruikshank, Mahakama ya Juu ilisema kwamba Marekebisho ya Pili yanalizuia Bunge la shirikisho tu, kwa hiyo mashtaka hayo hayasimami. Wauaji wakaenda zao.

Kisha kuna kesi ya Miller ya 1939, ambayo ni kioja cha aina yake. Jack Miller na Frank Layton walikamatwa wakiwa na bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu ukawa chini ya inchi 18, wakiisafirisha kutoka Oklahoma hadi Arkansas bila kuisajili kwa mujibu wa sheria ya 1934. Serikali ilifika mbele ya Mahakama ya Juu. Upande wa Miller hakufika mtu, wala hoja ya maandishi haikuletwa, na Miller mwenyewe aliuawa kwa risasi hata kabla ya hukumu kutoka. Mahakama, ikiwa imesikiliza sikio moja tu, ilisema haijaonyeshwa kwamba bunduki iliyokatwa mtutu ina uhusiano wowote na kulihifadhi jeshi la mgambo. Kwa takriban miaka 70 mahakama za chini zilisoma maneno hayo kuwa na maana kwamba haki hii ni ya mgambo. Scalia alikuja kuyasoma kuwa yanahusu aina ya silaha tu: silaha ambazo raia watiifu hawazitumii kwa kawaida hazilindwi.

Baada ya Heller kilichobaki ni majimbo, na 2010 ikaja kesi ya McDonald. Otis McDonald alikuwa mzee mweusi wa Chicago mwenye umri wa miaka 70 na kitu, mzaliwa wa Louisiana ile ile ya Colfax, ambaye nyumba yake ilikuwa imevunjwa zaidi ya mara moja na jiji likamkatalia bastola. Majaji 5 dhidi ya 4 walisema kwamba Marekebisho ya 14, ya 1868, yanaifikisha haki hii hadi kwenye majimbo na miji. Jaji Clarence Thomas aliandika maoni yake ya pekee akiirudia Cruikshank na watu waliouawa Colfax. Unaweza usikubaliane naye kwa lolote jingine, na mimi sikubaliani naye kwa mengi, lakini kurasa hizo zinastahili kusomwa polepole.

MCHANGIAJI (NAIROBI, WAKILI)

Mwalimu, nimefuatilia kwa makini. Nichangie kwa ulinganisho. Katiba ya Kenya ya 2010 haina haki ya silaha. Neno hilo linapojitokeza katika Ibara ya 37, linajitokeza kwa kukanushwa: kila mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Bunduki kwetu ni jambo la leseni, na mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha sababu ya kuridhisha. Tena, haki nyingi tulizo nazo zinaweza kuwekewa mipaka kwa utaratibu wa Ibara ya 24: mahakama inauliza mpaka huo una lengo gani, unafaa kiasi gani katika jamii huru ya kidemokrasia, na kama kuna njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lile lile. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini Marekani haitumii mizani ya namna hiyo. Je, Heller ilifuta leseni zote?

MLETA UZI

Wakili, hapa ndipo penye uhondo.

Kwanza, Heller haikufuta leseni. Scalia aliandika aya moja ambayo mawakili wa serikali wameishika kama mti wa mwisho mtoni: kwamba hukumu hiyo haitilii shaka makatazo ya muda mrefu dhidi ya waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa na wagonjwa wa akili, wala sheria za kuzuia silaha mahali nyeti kama shule na majengo ya serikali, wala masharti ya biashara ya silaha. Aya hiyo haikufafanua kwa nini hayo yanaruhusiwa, na ukimya huo ulizaa kesi nyingi.

Pili, mizani unayoisema ilikuwepo. Jaji Stephen Breyer, katika maoni yake ya kupinga kwenye Heller, aliipendekeza karibu kwa maneno ya Ibara ya 24 yenu, na mahakama za rufaa za shirikisho baadaye zilitumia hatua mbili: kwanza kuangalia kama sheria inagusa haki, kisha kupima lengo la serikali na njia yake. Utaratibu huo ulidumu hadi tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen. Sheria ya New York iliyokuwapo tangu 1911 ilimtaka anayeomba kubeba bastola iliyofichwa aonyeshe haja maalumu, inayomtofautisha na raia mwingine yeyote. Robert Nash alisema kulikuwa na wizi mwingi mtaani kwake, akaambiwa hiyo haitoshi, kwa kuwa wizi wa mtaa ni wa kila mtu. Majaji 6 dhidi ya 3, kwa kalamu ya Thomas, waliifuta sheria hiyo, na kitenzi chetu kikarudi tena ukumbini: kuwa na silaha, walisema, ni jambo la nyumbani, lakini kubeba kunafanyika nje, na haki ambayo raia lazima kwanza amridhishe ofisa kwamba anaihitaji siyo haki.

Kilichotikisa zaidi ni kipimo kipya. Mahakama iliitupa mizani. Sasa, maneno ya Katiba yakishagusa kile mtu anachokifanya, serikali lazima ithibitishe kwamba sheria yake inalingana na desturi ya kihistoria ya nchi ya kudhibiti silaha. Mawakili wakaingia kwenye hifadhi za nyaraka kutafuta sheria za 1791 na 1868. Ndani ya Bruen yenyewe majaji wanabishana kuhusu sheria ya Uingereza ya 1328 iliyokataza watu kwenda na silaha sokoni. Jaji aliyesomea mikataba na jinai akageuzwa kuwa mwanahistoria kwa nguvu. Na kwa kuwa historia ni ghala ambalo kila mmoja huingia na kutoka na gunia analolitaka, mahakama mbili zikitazama sheria ile ile zilitoka na majibu mawili.

Ndipo kesi ya Rahimi ikaja. Zackey Rahimi wa Texas alikuwa amewekewa amri ya mahakama ya kumlinda mzazi mwenzake baada ya kumshambulia, na sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliye chini ya amri ya namna hiyo kuwa na silaha. Kwa mujibu wa maelezo ya hukumu, alishukiwa kufyatua risasi katika matukio kadhaa, likiwemo moja ambapo alipiga hewani kwenye mkahawa kwa sababu kadi ya rafiki yake ilikataa kulipa. Hata hivyo, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, yaani ile ya shirikisho inayohusika na Texas, ikifuata Bruen kama mwanafunzi anayenakili ubao neno kwa neno, ilisema katazo hilo halina kifani katika historia, kwa hiyo ni batili. Na kwa kweli halikuwa nacho: watunga sheria wa karne ya 18 hawakujishughulisha na mume anayempiga mkewe.

Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo tarehe 21 Juni 2024 kwa majaji 8 dhidi ya 1. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mahakama za chini hazikuelewa; kinachotafutwa katika historia ni kanuni, siyo pacha wa sheria. Kulikuwa na sheria za zamani zilizomtaka mtu anayetishia wenzake aweke dhamana ya kulinda amani, na nyingine zilizoadhibu kutembea na silaha za kutisha watu; ukiziweka pamoja unapata kanuni kwamba mtu aliyethibitishwa na mahakama kuwa tishio kwa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Aliyepinga peke yake ni Thomas, mwandishi wa Bruen, akisema kipimo chake kimelegezwa. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi kwamba kimelegezwa, na ni heri kimelegezwa. Mizani uliyoiulizia, wakili, imerudi kupitia mlango wa nyuma, ila imevishwa kanzu ya karne ya 18.

MCHANGIAJI (MZALIWA WA UVIRA, SASA OHIO)

Mwalimu, mimi nataka kusema kuhusu neno "mgambo". Kwetu wanamgambo ni watu waliochoma kijiji chetu. Nikisoma kwamba mgambo ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, ninashangaa sana. Tena nina swali la pili: mimi bado si raia, nina ukaazi wa kudumu. Haki hii inanihusu? Na ule mke wa mchungaji wetu, ambaye dini yake haimruhusu kugusa bunduki, ataapaje?

MLETA UZI

Kaka, pole, na ahsante kwa kulisema hilo. Neno hili limesafiri vibaya. Kwa mtu wa Tanzania, mgambo ni kijana aliyepewa mafunzo wilayani kwa bunduki ya serikali, au yule anayemwaga meza za wachuuzi mjini; kwa mtu wa Kivu ni kundi lenye kamanda na bila serikali. Maana ya zamani ndiyo inayotufaa zaidi hapa: katika methali ya mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, mgambo ni mwito wa watu wote wakusanyike. Sheria ya Marekani ya 1792 iliandikisha katika mgambo kila raia wa kiume huru, Mzungu, mwenye afya, kuanzia miaka 18 hadi chini ya 45, na ikamtaka ajinunulie bunduki yake mwenyewe. Kwa hiyo siyo jeshi la kundi fulani; ni wanaume wa mji wanaoitwa kwa baragumu na kuja na bunduki za nyumbani. Na angalia ni nani aliyeachwa nje ya mwito huo.

Kuhusu ukaazi wa kudumu: sheria ya shirikisho inawakataza silaha walioingia au wanaoishi nchini bila kibali na, isipokuwa kwa sababu chache, wenye viza za muda; mkaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo, ingawa sheria za jimbo nazo lazima ziangaliwe. Usichukue maneno yangu kuwa ushauri wa wakili.

Kuhusu mke wa mchungaji, hapo nimfikie mama wa darasani kwangu, maana aliuliza kama ni haki ama ni lazima. Mwaka 1929 Mahakama ya Juu ilimnyima uraia Rosika Schwimmer, mzaliwa wa Hungaria mwenye karibu miaka 50, kwa sababu alijibu kwenye fomu kwamba yeye binafsi hatashika silaha kuitetea nchi. Mwaka 1946, katika kesi ya Girouard, mwombaji alikuwa Msabato aliyekuwa tayari kutumika jeshini bila kupigana, na Mahakama ikabadili msimamo. Leo sheria inamruhusu mwombaji ambaye mafundisho ya dini yake yanamzuia aape bila maneno hayo, akiahidi utumishi usio wa kupigana au kazi ya kiraia. Kitenzi ni kile kile: katika kiapo ni wajibu wa askari; katika Marekebisho ya Pili, tangu 2008, ni haki ya mtu binafsi.

MCHANGIAJI (MOMBASA)

Mwalimu wangu, umetaabika na kubeba na kushika, ilhali pwani tuna kuchukua. Mzee akikwambia "nichukulie mzigo huu hadi bandarini", ana maana uubebe; na ukisikia vijana wamechukua silaha, unajua wameingia vitani. Neno moja na maana zote mbili, kama hao Wazungu wako. Liweke hilo, uwaachie majaji wagombane.

MLETA UZI

Shekhe, nimelichukua. Jumamosi nilifuta ubao, nikaandika "kuchukua silaha" mahali pote pawili, kwenye swali la 51 na kwenye kiapo. Mama aliyeuliza alifungua daftari lake, akakata "kubeba" kwa mstari mmoja ulionyooka, akakata "kushika", akaandika neno jipya mara mbili. Kisha akaniuliza kama ofisa wa mtihani atakubali ajibu "haki ya kusema" peke yake na kuiacha hiyo nyingine, kwa sababu maswali ni ya haki mbili na yeye ana ya kutosha. Nilimwambia achague pia haki ya kuabudu, atakuwa na mbili kamili.